Jina Moja Juu ya Mpira

Hapo zamani, nanyi msidhani nasema zamani za babu zenu, ni za majuzi tu, huko Tukuyu kwenye mvua isiyojua kupumzika, palikuwa na msichana wa miaka kumi na miwili, jina lake Atupele. Alicheza mpira wa pete shuleni kwao, na kazi yake ilikuwa kufunga.

Shule ile ilikuwa na desturi yake. Wakishinda fainali, mpira uliochezewa siku hiyo hauchezewi tena. Aliyefunga goli la ushindi hupewa kalamu ya wino mzito, aandike juu yake jina moja: si lake, bali la mtu aliyemfikisha pale. Kisha mpira huning'inizwa ofisini kwa mwalimu mkuu, miaka nenda miaka rudi. Jina moja tu, jamani. Mpira si daftari la mahudhurio!

Sasa sikilizeni mambo ya baba yake, Ambakisye. Alikata mwanzi mrefu, akausimika uani, akafunga juu yake pete ya waya. Kila alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe, baba na mwana wako uani. "Tupa, mwanangu." Anatupa. "Tena." Anatupa tena. Mara mia kabla ya chai! Baba anaokota, anarudisha, anaokota, anarudisha, mgongo unamuuma na hasemi. Atupele aliyapenda mapambazuko yale kuliko kitu chochote. Uani, yule mtu alikuwa malaika.

Lakini mpelekeni uwanjani, lo! "Atupele, kiwiko! Atupele, miguu! Si hivyo, we mtoto!" Mwamuzi alikuwa na filimbi, lakini Ambakisye ndiye aliyesikika. Mwaka wa kwanza, kwenye nusu fainali, Atupele alikosa mara saba. Akarudi nyumbani analia. "Sichezi tena."

"Utacheza!" akafoka baba.

Mama yake, Subilaga, hakuwahi kumpinga mumewe mbele ya mtoto. Siku ile alimpinga. "Baba Atupele, mtoto amechoka. Mwache." Akauchukua mpira, akauficha darini pamoja na mahindi. Wiki zikapita, mama hakuuliza kitu. Miezi ikapita, hakuuliza kitu. Mwezi wa nne, Atupele akamfuata jikoni kwa miguu yake mwenyewe.

"Mama, mpira wangu uko wapi?"

Mama akapanda darini, akauteremsha.

Mwaka wa pili wakaingia fainali. Mama akabaki nyumbani. "Nikija nitatetemeka," alisema, "nawe utaniona." Baba yeye alikuwa wa kwanza kufika, kasimama mstarini, anakohoa kusafisha koo. Atupele akamwona, akaanza kukitazama kiwiko chake badala ya pete.

Pembeni ya uwanja alikaa jirani yao, Mama Lusajo, muuza mahindi ya kuchoma. Kile kikohozi alikifahamu. Akamshindilia Ambakisye hindi la moto mkononi. "Shemeji, kila ukitaka kusema, ng'ata."

Akataka kusema kiwiko, akang'ata. Akataka kusema miguu, akang'ata. Mahindi kumi na moja, nawaambia, huku machozi yanamtoka! Zikabaki sekunde chache, timu ziko sare, Atupele ana mpira chini ya pete. Akamtazama baba yake. Mashavu yamefura mahindi, macho yamemtoka, na kimya! Atupele akacheka. Akatupa. Ndani!

Enhe. Kalamu sasa iko mkononi mwake. Mama naye kaja mbio, kanga begani, maana vigelegele vilimfikia hadi nyumbani.

"Mwanangu," akasema baba, "mkono uliofunga leo ulifundishwa na nani? Na kelele zangu nimezimeza mpaka ulimi umeungua. Unadhani ilikuwa kazi ndogo?"

"Mimi sikukufundisha kitu," akasema mama. "Nilikuacha tu. Lakini nisingekuacha, leo ungekuwa unauchukia mpira huu."

Mama Lusajo alicheka hadi akashika kiuno. "Mimi si ndugu, wala mambo ya pete siyajui. Ila bila mahindi yangu huyu angefoka, nawe ungekosa. Magunzi haya hapa!"

Atupele akamgeukia mwalimu wa michezo. "Mwalimu, naomba niandike matatu."

"Moja."

Machozi yakamlenga. Alivyowapenda wote! "Ndaga fijo," akawaambia kwa Kinyakyusa chao, asanteni sana. Baba alipomwona analia akafungua mdomo amwambie la kuandika. Akaufunga. Akachukua gunzi tupu mkononi mwa Mama Lusajo, akaling'ata.

Atupele akaliona hilo. Kalamu ikagusa mpira.

Msiniangalie mimi, nami nimejaribu! Nikisema baba, najiuliza: aliyemliza mtoto ndiye apewe? Nikisema mama, nakumbuka ule mgongo wa alfajiri. Nikisema Mama Lusajo, loo, mahindi ya mchana mmoja yawapite wazazi? Na mvua ndiyo hiyo inaanza, wino utalowa. Haya, semeni upesi: Atupele aandike jina la nani?