Mtoto wa Kiondo Aitwe Nani?

Anayetafuna muwa ateme kwanza. Kesi hii iliwashinda wenye majoho, na mimi nimeibeba mpaka hapa bila kumwaga hata tone.

Palikuwa na watu watatu katika nchi ya Juu. Semkiwa, wakili, alikuwa na ulimi: angeweza kumtetea fisi mbele ya mbuzi, mbuzi wakaomba radhi. Mhando, mnyongaji wa serikali, alikuwa na uso mkavu, akikudanganya, unamshukuru. Nakunda alikuwa na masikio. Alizaliwa nchi ya Bonde akaolewa Juu, kwa hiyo aliyajua maneno ya pande zote mbili.

Juu na Bonde wakapigana. Siku moja askari watatu wa Bonde wakakamatwa kando ya kijito, mkubwa wao akiitwa Kiondo. Karibu nao palikuwa na maiti ya askari wa Juu, mume wa Nakunda. Hakimu akauliza, "Huyu mlimfanya nini?" Kiondo akajibu, "Nilimlaza."

Basi! Kwa watu wa Juu, kumlaza mtu ni kumuua. Kesi ikaisha kabla chai ya hakimu haijapoa: wanyongwe Ijumaa.

Alhamisi Semkiwa akamvamia hakimu.

"Mheshimiwa, nani aliwatetea?"

"Adui naye hutetewa? Semkiwa, si watu wa Bonde waliomuua mdogo wako vitani?"

"Ni wao. Ndiyo maana nataka hawa waulizwe vizuri, nisije nikamlipia ndugu yangu kisasi kwa uongo."

Alisimama mlangoni siku nzima, hakula, hakunyamaza. Hakimu akachoka: kesi isikilizwe upya Jumatatu. Ila amri ya kunyonga Ijumaa, akasema, imeshatiwa saini na mkuu wa jeshi, yeye hawezi kuifuta, na mkuu yuko vitani. Tangu siku hiyo mjini hakuna aliyemsalimia Semkiwa.

Ijumaa asubuhi askari wakamletea Mhando watu wake.

"Sheria inataka niwapime uzito kwanza."

"Si uwapime!"

"Mizani imeazimwa kupimia kahawa."

Ikaletwa mizani. Akasema inapunja. Ikaletwa nyingine, akasema kamba imelowa, ianikwe. Jua likazama, na Jumamosi na Jumapili hapanyongwi mtu. Baadaye ikajulikana kwamba kamba aliilowesha mwenyewe. Akachapwa viboko thelathini na kazi ikaota mbawa.

Jumatatu Nakunda akasimama mahakamani. Baba mkwe akamvuta kanga.

"Kaa chini! Unamtetea aliyekufanya mjane?"

"Niache, baba. Mheshimiwa, kule Bonde kumlaza mtu ni kumpumzisha, kama mama na mwanawe. Maiti ya mume wangu niliiosha mimi. Jeraha la risasi lilikuwa limefungwa kwa mkono wa shati lisilo lake. Mwambieni huyu avue koti."

Kiondo akavua. Shati lake halikuwa na mkono wa kushoto.

Wakaachiwa wote watatu. Nakunda aliporudi kwa wakwe, alikuta vyombo vyake viko nje.

Vita vikaisha, mke wa Kiondo akajifungua mtoto wa kiume. Kwao jina hutolewa siku ya saba, ni moja tu, halibadilishwi. Na baba akiwa aliwahi kuokolewa kutoka kifoni, mtoto huitwa jina la mwokozi. Kiondo akawaita wote watatu.

Semkiwa akasema, "Kwetu jina langu linatemewa mate. Naomba pawe na mahali linapoitwa kwa upendo."

Mhando akasema, "Nani atakubali kuzaa na mnyongaji? Nikifa, nimekwisha."

Nakunda akasema, "Langu silitaki. Mpe la mume wangu."

Mama yake Kiondo akaruka. "Jina la askari wa Juu? Ndani ya nyumba hii?"

"Ndani ya nyumba hii, mama. Alifia mikononi mwa mwanao."

Kiondo akamtazama huyu, akamtazama yule. Mtoto analia, wageni wanakohoa, jua linateremka. Jibu mimi ninalo, ila nikilitamka nusu yenu mtanipiga. Sema wewe: mtoto huyo yuko mikononi mwako, ungemwitaje?