Watoto Walioinama Kaburini

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo, niwapeleke nyumbani kwa mzee mmoja aliyefiwa na mkewe.

Mkewe alikuwa mwanamke wa mizaha. Kila Pasaka alinunua mjini mayai ya chokoleti, yale yaliyofungwa kwa karatasi za kung'aa, akaamka alfajiri kuyaficha kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Ibada ikiisha, watoto wa majirani walimiminika kuyatafuta. Wazee wenzake walimtania mumewe: "Mkeo anafuga kuku gani? Hilo yai limetagwa na duka!" Bibi hakuwa mtu wa kushindwa kwa maneno. "Hata kaburi la Bwana lilikuwa gumu kwa nje," aliwajibu. "Vunjeni, muonje."

Mwaka mmoja alifariki Kwaresima ilipoanza. Walimzika palepale kihambani, kama ilivyo desturi, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Tangu siku hiyo mzee aliishi kama mlinzi. Aliamka, akafagia kaburi, akarudi dirishani kulitazama. Huzuni ya mtu mzima haina kelele. Hufunga tu mlango mmoja, kisha mwingine.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mama wa nyumba ya pili alipita kumjulia hali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Na kesho... watoto waje?"

"Waje kutafuta nini? Aliyekuwa akiwafichia hayupo. Waambie desturi ile tumeizika pamoja naye."

Mama yule aliahidi kuwaambia. Akaaga.

Asubuhi ya Pasaka mzee hakujiandaa kwenda kanisani. Alifungua pazia, na alichokiona kikamchemsha damu. Watoto walewale walikuwa kihambani kwake. Tena si kihambani tu: walikuwa wameinama kandokando ya kaburi, wanapekua majani makavu, wanafunua maua. Hebu jiwekeni mahali pake. Mkeo amelala chini ya udongo ambao haujakauka, na mtoto wa mtu anauchakura kwa ajili ya peremende! Wewe ungefanya nini?

Mzee alichukua fimbo, akatoka bila hata viatu.

"Tokeni hapo! Hamna adabu? Mnatafuta nini kaburini?"

Watoto wakatawanyika kama panzi. Akabaki mmoja amechuchumaa, binti mdogo aitwaye Aikande, viganja vimetapakaa chokoleti.

"Babu, usitazame!" akafoka. "Rudi ndani!"

"Nirudi ndani? Hapa ni kwangu!"

"Basi umeshaharibu. Hatutafuti, babu. Tunaficha."

Fimbo ikashuka.

"Mnamfichia nani?"

"Wewe! Si ulimwambia mama hakuna wa kuficha? Sisi tunajua Bibi alikokuwa anaficha. Kote! Tumechemsha mayai ya kuku wetu. La chokoleti ni moja tu, na linayeyuka, kwa hiyo fumba macho upesi."

"Na kwa nini hapa, kaburini?"

Mtoto akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Huendi kwingine, babu. Tungeyaweka kwingine, usingeyaona."

Mzee akafumba macho. Walipomruhusu, akapiga magoti, akatafuta. Lile la chokoleti alilikuta limepondeka, lina mchanga. Akaligawa. Kila mtoto akalamba vidole vyake, naye akalamba vyake.

Ndugu zangu, anayeficha na anayetafuta wote huinama. Ukiwatazama kwa mbali, machozi yakiwa machoni, huwezi kuwatofautisha. Mariamu naye, asubuhi ile ya kwanza, alimwona Bwana mwenyewe bustanini akamdhania mtunza bustani. Akamtaka amwonyeshe maiti alikoiweka, naye aliyemtafuta amesimama mbele yake! Na sisi je? Ni mara ngapi tumemtokea Mungu na fimbo, tukidhani amekuja kutunyang'anya hata kile kidogo kilichobaki?

Najua wapo kati yetu waliopika Pasaka hii kwa sufuria ndogo kuliko ya mwaka jana. Siwaambii msilie. Kaburi ni kaburi, na aliyelala humo hatafungua mlango jioni ya leo. Nawaambia neno moja tu. Ukimwona mtu ameinama pale unapolilia, usikimbilie kupaza sauti. Tazama kwanza mikono yake. Huenda hakuja kuchukua. Huenda amekufuata hadi pale kwa sababu ndipo mahali pekee unapokwenda, na hakutaka kukukosa.