Buti za Wavuna Chumvi

Mtu mmoja alikuwa na vidonda miguuni, na vidonda vile vikamfundisha kusema. Jina lake Ngumbao, mvuna chumvi. Kazi yenyewe ni kusimama peku ndani ya bwawa la maji makali tangu asubuhi, ukikokota chumvi kwa reki, na asiyewahi kutia kidonda katika chumvi asinibishie. Mkewe Sidi alifanya kazi hiyohiyo. Kisigino chake kilikuwa kimeoza hata akawa anatembea kwa ncha za vidole.

Basi Ngumbao akazunguka mlango kwa mlango miezi saba. Kidole kimoja hakivunji chawa, aliwaambia. Tuunde chama, tumdai meneja wa bwawa buti za mpira. Walimcheka, kisha wakamsikiliza, kisha wakaungana. Wa mwisho kujiunga alikuwa Mbodze, mama mjane, mpole, na Ngumbao mwenyewe ndiye aliyemshika mkono akamleta.

Ikafika siku ya kuchagua mwenyekiti. Hawakuwa na karatasi za kura. Kila mtu alijipanga nyuma ya amtakaye. Ngumbao alisimama kifua mbele akingoja. Watu wakampita, wakampita, wakajipanga nyuma ya Mbodze, kwa sababu Mbodze alimsikiliza mtu mpaka amalize, na Ngumbao, jamani, hajawahi kumwacha mtu amalize. Alipogeuka aliona watu wanne. Akautazama mstari wa pili, akamwona Sidi, mke wake wa ndoa, amesimama mle kwa ncha za vidole.

Lo! Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka. Mbodze akisifiwa, yeye anakohoa. Mbodze akicheka na mtu, yeye anaona anachekwa. Moyoni alikuwa na neno moja tu: mimi nimelima, yeye amevuna. Na lilikuwa neno la kweli, ndiyo maana lilimtafuna barabara.

Chama kikaamua kila mtu achomeke reki yake ukingoni mwa bwawa, na asiishike tena mpaka buti zije. Zikasimama reki mia mbili. Siku ya tatu mawingu yakajikusanya, na mvua ikinyesha chumvi yote hurudi kuwa maji. Meneja akatoka jasho. Akatuma neno kwamba mwenyekiti aje ofisini wazungumze. Mbodze akamwona Ngumbao ameketi kando peke yake, akamwendea mbele za watu wote.

"Kaka Ngumbao, neno hili ulilianza wewe. Ingia ukaseme, mimi nitasimama nyuma yako."

Angalieni kijicho kilivyo! Kitu alichokililia siku zote kimewekwa mkononi mwake, naye akakitupa, kwa kuwa aliyempa ni Mbodze. Akaenda ukingoni, akang'oa reki yake, akashuka bwawani, ili watu waone kwamba bila Ngumbao hakuna chama. Wakaona. Wale wanne wakamfuata. Kisha mmoja mwenye watoto wengi, kisha wawili wenye woga, na kufikia adhuhuri hapakuwa na reki iliyosimama. Meneja akafunga mlango wa ofisi yake.

Jioni Ngumbao aliletewa jozi moja ya buti mpya, zawadi ya utiifu. Akazipeleka nyumbani, akaziweka mbele ya mkewe. Sidi hakuzigusa. Alifunga kisigino chake kwa kitambaa, na kulipokucha akaingia bwawani peku pamoja na wenzake.

Sasa nijibuni, ninyi mnaogombea viti: mnataka watu wavae buti, au mnataka watu waseme ni nani aliyewavisha?