Pipa la Mchanga la Ilundamawe

Pipa la mchanga halipigi saluti. Leo asubuhi mmemsikia mkufunzi wenu akiitamka methali hii mkacheka, na sasa mmenifuata mimi mstaafu niwaambie ilikotoka. Ilianza kwa kicheko hivyo hivyo, katika kituo chetu cha askari wa wanyamapori cha Ilundamawe, na hasira yake haijanitoka.

Nje ya ghala la silaha palikuwa na pipa lililojaa mchanga. Kila aliyerudi doria alisimama hapo, akaelekeza mtutu mchangani, akachomoa magazini yenye risasi, akavuta chemba, pale inapokaa risasi ya kufyatuliwa, na kumwonyesha Koplo Nyamizi kwamba haina kitu. Nyamizi ndiye aliyekuwa mtunza ghala. Alichungulia, akaingiza kidole kuhakikisha, ndipo akapokea bunduki. Hata ungekuwa na haraka ya kwenda haja, ungesubiri.

Mkuu wa kituo, Bwana Rwezaula, aliona kupanga foleni na sisi ni kujishusha. Siku moja saa kumi alasiri alirudi kutoka kusindikiza wageni, akatupita wote, akachomoa magazini huku anatembea, akamwambia Nyamizi apokee bunduki na aandike kwamba imekaguliwa. Nyamizi hakunyoosha mkono. Alimwomba kwa adabu aende kwenye pipa. Akamwomba tena.

"Koplo, unajua unaongea na nani?"

"Najua, afande. Ila pipa halijui. Pipa la mchanga halipigi saluti."

Tulicheka. Mimi nilikuwa wa pili kwenye foleni, na nilicheka kuliko wote. Bwana Rwezaula akavimba. Akasema atatuonyesha kama haina kitu, na palepale, mtutu ukiwa umeelekea chini mbele yetu, akafyatua.

Risasi moja ilikuwa imebaki kwenye chemba. Ilichukua vidole viwili vya mguu wa Lubuva, mwenzetu aliyekuwa mbele yangu.

Sasa sikilizeni uonevu. Tume ya uchunguzi ilikuja, ikanywa chai ofisini kwa mkuu, ikaandika kwamba koplo alimkasirisha mkubwa wake wakati mkubwa huyo ameshika silaha. Nyamizi akanyang'anywa funguo, akapelekwa kufungua geti. Mwanamke aliyesimamia usalama wetu miaka sita! Na sisi? Tuliandika kwamba hatukuona vizuri. Mimi niliandika hivyo kwa mkono huu, nikaweka sahihi. Msinitazame kwa huruma, sistahili.

Lubuva peke yake ndiye ambaye hakuandika uongo, lakini maelezo yake ya hospitalini hakuna aliyeyasoma. Aliporudi akitembelea fimbo alichukua rangi nyeupe, akaandika maneno ya Nyamizi kwenye pipa. Bwana Rwezaula akaamuru yafutwe. Lubuva akaandika tena. Yalifutwa mara tatu, na mara tatu yakarudi.

Mwaka uliofuata Bwana Rwezaula alihamishwa, na wala si kwa kosa lile. Mkuu mpya, Bi Mbonde, alifika na bunduki begani. Akawa anaelekea moja kwa moja ofisini, akaona maandishi kwenye pipa, akasimama. Akarudi nyuma, akaelekeza mtutu mchangani, akachomoa magazini, akavuta chemba, akangoja. Mtunza ghala wa wakati ule alimpigia saluti tu, hakuchungulia.

"Aliyesema maneno haya yuko wapi?" akauliza.

Nikaona nikinyamaza tena nitakuwa nimemfyatulia Lubuva risasi ya pili. Nikasema yuko getini, nikaeleza na yote niliyoyaficha kwenye tume.

Bi Mbonde akaagiza Nyamizi aitwe. Alikuja mbio, akapiga saluti, akaelezwa kwamba kuna bunduki inasubiri kukaguliwa. Hakuuliza ni ya nani. Aliinama, akachungulia chemba, akaingiza kidole, kisha akanyoosha mkono kuomba funguo za ghala. Alipewa.

Kwa hiyo kesho mkiwa zamu ya ghala na watu wakirudi kutoka kulenga shabaha, awe mbele yenu kuruta au kamishna, msipokee silaha yake kwa kuangalia vyeo vya mabegani. Pipa la mchanga halipigi saluti.