Mzigo wa Mize kwenye Pango la Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Haya, kaeni. Na wewe Fumu, acha kumfinya mwenzio, la sivyo nanyamaza.

Palikuwa na kisiwa, kidogo hata mtu akipiga chafya kusini, wa kaskazini wanamwombea dua. Maji ya kunywa yalikuwa mahali pamoja tu, chemchemi iliyo ndani ya pango. Na watu wale kwa adabu, usiseme! Hawaingii pangoni mpaka wavue viatu, wapige hodi mara tatu. Pango likikaa kimya, wanateka maji, wanakwenda zao.

Siku moja zimwi likahamia mle. Mtu akipiga hodi, linamjibu kwa sauti tamu, "Karibu!" Nani atakataa kukaribishwa? Akaja wa kwanza, karibu, likamla. Akaja wa pili, karibu, likamla. Akaja wa tatu, karibu, likamla. Huyo wa tatu ni Makame, mume wa Mize.

Mize alimngoja siku mbili. Mtungi mkavu. Mtoto wao Riziki yuko mkekani, midomo imepasuka, hata kulia hawezi. Siku ya tatu Mize akabeba mtungi na shoka la kuni.

"Potelea mbali! Mwanangu hafi kwa kiu na mimi nipo."

Basi akafika, akavua viatu.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

"Karibu, mama, pita ndani!"

Akainua mguu. Ndipo akayaona makubadhi ya Makame, yamepangwa vizuri mlangoni, na jozi mbili za wenzake kando. Hakuna aliyetoka kuyavaa. Mize akaingiwa na uchungu, akarudisha mguu.

"Nimeshakaribia," akasema, "ila nina mzigo. Nipokee."

"Ingia nao."

"Ebo! Mwenyeji gani hampokei mgeni mzigo? Basi wewe si mwenyeji wa humu!"

Zimwi likaogopa kujulikana. Likatoa mkono wa kulia, una manyoya mpaka kwenye kucha.

"Mzigo wangu mzito, pokea!" Shoka, chwa! Mkono chini.

Zimwi likanguruma, likatoa wa kushoto limkamate.

"Mzigo wangu mzito, pokea!" Chwa! Mkono chini.

Likatoa kichwa, meno nje.

"Mzigo wangu mzito, pokea!"

Shingo haikukatika mara moja. Akapiga, akapiga, akapiga, huku anamlilia Makame, damu imemrukia mpaka machoni. Kichwa kikabingirika.

Akalipasua tumbo, maana alisikia walioliwa na zimwi hutoka wazima. Wapi! Ilitoka mifupa, na kofia ya Makame. Akaikumbatia ile kofia, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Kisha akakumbuka mtoto. Chemchemi ilikuwa nyekundu. Akachota, akamwaga, akachota, akamwaga, mpaka maji yakatakata. Akajaza mtungi, akakimbia nyumbani.

Riziki akanywa. Akapata sauti.

"Baba yuko wapi?"

"Baba kaliwa, mwanangu. Na aliyemla nimemuua. Kunywa."

Mpaka leo watu wa kisiwa kile hupiga hodi pangoni. Wakijibiwa karibu, hawaingii ng'o, wanafuata shoka.

Basi wajukuu zangu, mkikaribishwa mahali, kwanza mtazameni anayewakaribisha. Na hapo ndipo hadithi yangu inapokomea.