Uzi Ambao Fundi Hakuuchoma

Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa lakini ni wako. Msala upitao unapendeza, ila una mwenyewe, na safari yake huijui. Fundi mkuu wa banda la cherehani aliijua methali hiyo tangu shuleni, na haikumsaidia kitu.

Hakuwa mjinga, mama yule. Kitambaa hakikumlaghai kwa kung'aa. Alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti: ukigeuka jivu, ni pamba, ukiyeyuka na kuganda kama ushanga mweusi, alikurudishia kitambaa chako bila haya. Basi uchaguzi wa diwani ulipowadia, wenzake walimwachia yeye awapimie sera za wagombea, kwa kuwa desturi ya banda ilikuwa kupiga kura kwa kauli moja.

Diwani aliyekuwa madarakani, waliyemwita Kobe, alikuja kwa miguu. Ndiye aliyewaletea paa na umeme, japo kwa kuchelewa.

"Kiwanda sina," alisema. "Nitapigania sare za shule zote za kata zishonwe humu. Basi."

Fundi alimbana kwa maswali mpaka jasho likamtoka. Mkataba upi? Kuanzia lini? Nani atatoa vitambaa? Kobe alijibu moja moja, na mengine akakiri kuwa hajui.

Mpinzani wake akaja na gari lenye vipaza sauti, akawagawia akina mama vilemba vinavyometameta.

"Kiwanda cha nguo! Ajira mia nane! Mshahara kila mwisho wa mwezi!" Kisha akamshika fundi mkono. "Na wewe, mama, ndiwe msimamizi wangu."

Fundi akalainika kama nta juani. Hakuuliza hata swali moja.

Dada wa mumewe, aliyeshona meza ya pili, akamnong'oneza, "Wifi, hata kitambaa cha kaptula unakichoma uzi. Huyu mbona hujamchoma?"

"Wivu huo, wifi yangu! Huyo Kobe wako ametuahidi nini zaidi ya hizo kaptula?"

Banda zima likampa mpinzani kura, naye akashinda. Fundi akauza cherehani aliyorithi kwa mama yake, maana kiwandani, waliambiwa, mashine zipo tele. Wifi yake hakuuza yake.

Banda likabomolewa kupisha kiwanda. Jengo lilisimama kweli, tena refu. Siku ya kufunguliwa, fundi alijifunga kilemba chake akaenda langoni.

"Hapa hatushoni, mama," mlinzi alimwambia. "Nguo zinaletwa zimeshashonwa. Sisi tunabandika lebo tu, na wabandikaji wametosha."

"Mwambie diwani msimamizi wake amefika."

"Msimamizi? Si shemeji yake? Yumo ndani tangu asubuhi."

Fundi alirudi akijichukia kuliko alivyomchukia diwani. Alimkuta wifi yake barazani, akishona kaptula ya mtoto wa jirani.

"Karibu, wifi," alisema bila kuinua macho. "Nishonee vifungo."

Fundi akaketi. Akavua kilemba, akachomoa uzi, akawasha kiberiti. Uzi uliyeyuka, ukamgandia kidoleni, mweusi, ukamuunguza. Akautazama bila kuupangusa, machozi yakimtiririka. Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.