Uzi wa Tatu wa Gitaa la Kondo

Paukwa!

Pakawa!

Hapana, bwana. Mnaitikia kama watu wenye homa. Hadithi hii haiitikiwi kwa nusu mdomo. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji. Katika kijiji hicho palikuwa na mzee, na mzee huyo alikuwa na gitaa. Jina lake Mzee Lugome. Nawaambia mapema kabisa: hadithi ya leo ni ya aibu. Tena si aibu ya jirani, ni ya kwetu. Mwenye kosa anaitwa Kondo, na Kondo ndiye aliyemzaa mama yangu. Atakayecheka acheke, ila asinitazame usoni.

Mzee Lugome hakuwa mtu wa kupendeza macho. Kanzu yake ilijaa viraka, hata rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Alitafuna tumbaku, na tumbaku ikamchuruzika kidevuni. Kiti hakuwa nacho. Alichukua kinu, akakigeuza kifudifudi, akakikalia, akapiga gitaa.

Wanawake walimfokea. "Mzee! Kinu cha watu hicho!"

Naye akajibu, "Nimebembelezwa na kinu nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Tumezoeana."

Gitaa lenyewe sasa! Kijiti cha kukazia uzi wa tatu kilikuwa kimevunjika zamani, na hakuna aliyejua kukitengeneza. Nyuzi zikabaki tano. Kila wimbo ulipofika mahali pa uzi wa tatu, mzee aligonga ulimi kwenye kaakaa: nto! Ndi-ndi, nto! Ndi-ndi, nto! Nisaidieni. Ndi-ndi...

Nto!

Vizuri. Shikeni hapo hapo, tutaihitaji.

Sasa, watu wa kule walikuwa na desturi yao. Mpigaji hakuanza kupiga hivi hivi. Alikaa kwanza, akakaza nyuzi, kisha akataja mikono. Yaani alitaja mbele za watu wote wale waliomfundisha, mmoja mmoja, na kila jina akaligongea uzi kidogo. Waliamini kwamba mtu akifa na mkono wake haujatajwa na mpigaji mwingine, basi mkono ule umekwisha, kama vile hakuwahi kupiga.

Mzee Lugome alitaja hivi: "Mkono huu wa mama yangu, akitwanga." Ndi. "Mkono huu wa mpagazi mmoja, alipita hapa na homa, akalala kwetu siku tatu, akaniachia wimbo mmoja." Ndi. "Mkono huu wa yule kipofu wa ng'ambo ya mto, aliyenipiga kofi nilipokosea." Ndi. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Hakuona haya hata kidogo kumtaja mtu asiye na jina kubwa.

Kondo alimwendea mzee huyu akiwa mtu mzima tayari, ameshaoa, ameshashindwa kulima. Akasema, "Shikamoo, Mzee. Nifundishe."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa. Misimu saba ya mvua alikaa. Alifundishwa kidole kwa kidole. Mzee alipokuwa na muhogo, walikula wote. Alipokuwa na nusu muhogo, alisema ameshiba.

Kisha mjomba wake Kondo akarudi kutoka pwani na gitaa jipya. Nyuzi sita! Linang'aa! Akampa Kondo. Na Kondo, badala ya kukimbia kumwonyesha mzee wake, akalifunga kwa kanga ya mkewe, akaliweka uvunguni.

Mnaniuliza kwa nini? Mama yangu aliniagiza neno hili nisiliruke, basi siliruki. Kinyaa. Aliona kinyaa. Aliogopa mate ya tumbaku yasije yakalidondokea. Misimu miwili alilificha. Kwa mzee alipiga lile la nyuzi tano, nyumbani akapiga lake. Lakini vidole vilishajifunza. Vikifika penye uzi wa tatu vinaruka, na ulimi unagonga wenyewe: nto! Yeye hata hakujisikia.

Siku moja Jumbe wa kijiji kikubwa akatangaza kwamba anataka mpigaji wa barazani kwake. Atakayeshinda atapewa kigoda cha kukalia siku zote, na chakula, na heshima.

Mzee Lugome akasema, "Mwanangu, utakwenda?"

"Nitakwenda, Mzee."

"Basi nami nitakuja. Mimi sina mtoto, Kondo. Nataka nisikie mkono wangu ukitajwa mbele za watu. Mara moja tu. Baada ya hapo sina shida."

"Inshallah, Mzee."

Siku ikafika. Kondo akatoka alfajiri ili wasiongozane. Mzee akatembea peke yake nusu siku, kifua kinambana. Koho, koho. Anapumzika. Koho, koho. Anatembea. Alipofika barazani hakuna aliyempa mkeka. Akaona kinu pembeni, akakigeuza, akakaa.

Vijana wa pale wakapasuka kwa kicheko. "Jamani, huyu kikaragosi ni wa nani?"

Kondo alikuwa mbele, kanzu nyeupe, gitaa mapajani. Alikisikia kile kicheko. Masikio yakamwaka moto.

Zamu yake ilipofika, Jumbe akasema, "Mpigaji, taja mikono."

Kondo akakaza nyuzi. Akasema, "Mkono huu ni wa bingwa wa pwani." Ndi. "Mkono huu ni wa bingwa wa visiwani." Ndi. "Mkono huu ni wa yule anayepiga nyumbani kwa Sultani." Ndi.

Watu wakasema, "Aaaa!"

Astaghfirullah. Hao mabingwa hakuwaona hata nyayo zao! Majina aliyasikia kwa mjomba wake, basi. Akatulia kidogo, kama mtu anayetafuta jina la nne. Kule nyuma mzee akainua shingo. Kondo akainamisha kichwa, akaanza kupiga.

Akapiga vizuri, sitadanganya. Lakini nini tena? Ndi-ndi...

Nto!

Ndi-ndi...

Nto!

Kumbe alikuwapo bibi yake Jumbe, Bi Siwema, kikongwe ambaye ujana wake wote alikesha kwenye ngoma za vijiji vya huko. Akainua mkono. Kondo akaacha kupiga.

"Mjukuu wangu, sogeza hilo gitaa niliangalie." Kondo akasogea. "Nyuzi tano zinang'aa. Huu mmoja umeota kutu. Kwa nini?"

Kondo akaufunika uzi ule kwa kiganja.

"Hao mabingwa wako watatu, wote wamekosa uzi wa tatu?"

Baraza likacheka.

"Hebu uguse."

Kondo akaugusa. Krrrr! Ta! Ukakatika, ukamchapa kidoleni.

"Na huko kugonga ulimi umefundishwa na nani? Maana mimi katika maisha yangu nimemsikia mtu mmoja tu." Akageuka, akatazama kule kwenye kinu. "Lugome, inuka. Huyu si wako?"

Mzee Lugome akainuka. Kitu cha kwanza alichofanya, akajifuta kidevu kwa mkono wa kanzu. Miaka yote ile hakuwahi kujifuta kwa ajili ya mtu. Akamtazama Kondo. Kondo akatazama miguu yake mwenyewe.

Mzee akasema, "Bi Siwema, simjui. Ndiyo kwanza namwona leo. Lakini anapiga vizuri kunishinda. Kigoda mpeni yeye."

Mmeelewa alichokifanya? Alitembea nusu siku aje asikie mkono wake, na alipofika akaukana kwa mdomo wake, ili Kondo asiumbuke. Na Kondo bado alikuwa na nafasi! Neno moja tu lilitosha. "Ni mzee wangu." Hakulisema. Babu yangu hakulisema. Jumbe akampa kigoda, na yeye akakikalia. Bi Siwema akaondoka bila kuaga.

Siku ya kwanza Kondo akasema, nitakwenda kumwomba radhi kesho. Siku ya pili akasema kesho. Ya tatu, kesho. Chakula kilikuwa kizuri lakini hakishuki. Watu wakimwomba apige, gitaa lina pengo, na kila akiliona lile pengo analigeuza gitaa kifudifudi. Siku saba zikapita hivyo. Ya nane akaenda.

Akamkuta mzee amelala kitandani, amekonda.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamekulisha?"

Hapo Kondo akapiga magoti, akalia. "Mzee, nilikuonea haya. Nisamehe."

"Nilikusamehe palepale, kabla sijainuka kwenye kinu. Hilo limekwisha. Linaloniuma ni jingine." Koho, koho. "Ulikuwa na gitaa la nyuzi sita, Kondo. Mimi nyimbo zangu nimezipiga na pengo miaka arobaini. Sijui hata uzi wa tatu unasemaje ndani yake. Ungeniletea nisikie."

Mngekuwa nyinyi mngejibu nini?

Mzee akamwambia, "Funga uzi mwingine, mwanangu. Njoo unipigie."

Kondo akatoka mbio. Uzi wa gitaa haukupatikana ila kwenye soko la mtoni, mwendo wa siku mbili. Akaenda, tu-tu-tu, halali. Akaupata, umefungwa ndani ya karatasi. Akarudi, tu-tu-tu, halali. Njiani alijizoeza kwa mdomo pale uzi utakapoingia.

Alipokaribia nyumba ya mzee akakiona kile kinu uani. Kilikuwa kimesimama wima. Wanawake wanatwanga nafaka ya matanga. Du! Du! Du! Akajua. Hakuna haja ya kumwambia.

Siku ya kuondoa tanga Kondo akaja na gitaa lake, pengo lake likiwa palepale. Watu walijaa, na wa kwa Jumbe walikuwapo. Akataja mikono. "Mkono huu ni wa Mzee Lugome." Ndi. "Na huu ni wa Mzee Lugome." Ndi. "Na huu, na huu, na huu. Wale mabingwa niliowataja sikuwahi kuwaona. Nilimwonea kinyaa mzee aliyenilisha."

Watu wakainamisha vichwa. Bi Siwema peke yake ndiye aliyesema. "Sisi tumesikia, Kondo. Lakini si sisi tuliotembea nusu siku tukitaka kusikia."

Kondo akamrudishia Jumbe kigoda chake. Ule uzi mpya hakuufunga. Aliusokomeza ndani ya tumbo la gitaa, karatasi na yote, na mpaka anakufa alipiga nyuzi tano. Kila alikokwenda walimwuliza, "Mbona gitaa lako lina pengo?" Naye akaweka gitaa chini, akasimulia yote tangu mwanzo, na neno la kinyaa akalitaja. Arusini akasimulia. Kwa wakwe akasimulia. Mama yangu aliniambia baba yake alikuwa anaona aibu kila mara, wala aibu yenyewe haikupungua kwa kuzoea.

Gitaa lenyewe hili hapa. Msilivute! Litikiseni tu polepole. Chwa, chwa. Mnausikia? Ndio huo uzi.

Basi nawaambia nyinyi mnaojifunza gitaa, na nyinyi mnaojifunza jambo lolote. Mtu akikufundisha, mtaje angali hai, mbele yake, na viraka vyake na mate yake ya tumbaku. Usingoje wakati ambao watasikia watu wengine tu.

Nami nataja mikono kabla sijaondoka. Hadithi hii nimepewa na mama yangu. Mama alipewa na baba yake, Kondo. Na mkono wa kwanza kabisa ni wa Mzee Lugome, aliyesema yeye hatujui sisi.

Hadithi yangu naitua hapa, chini ya kinu. Ndi-ndi...

Nto!